Mkaguzi wa Madoa

Pale kwa dobi walimwita Mkaguzi, maana doa halikumpita. Shuka lingepita mikono mitatu likiitwa safi, likifika kwake hulirudisha, kidole kimenyooka, bila huruma. Alikuwa na miaka ishirini na sita, amezaliwa na hali ya Down, na kazi hiyo ndiyo iliyomfanya atembee kifua mbele. Shida ilikuwa miwani. Mvuke wa pasi uliitia ukungu, akaivua, akaisahau kitini, ikakaliwa. Ya nne ilipovunjika, dada yake alisema basi, watafute daktari wa leza, amtibu macho aachane na miwani.

Dada alimjua mdogo wake. Alijua anavyofikicha macho, asubuhi kwa ngumi, jioni kwa viganja, kama anayefua kola. Aliwajua na madaktari: humtazama mara moja, huzungumza na aliyemleta, kisha hukataa. Kwa hiyo wiki nzima alimfundisha kukaa, mikono imetulia, majibu mafupi. Huko kliniki, nesi alipouliza kama ana tabia ya kufikicha macho, dada alijibu upesi kwamba hana. Mkaguzi alitulia kama maji mtungini. Wakasifiwa wote wawili.

Baada ya leza, miezi mitatu aliona bila miwani hata uzi uliochomoza. Halafu taa zikaanza kuota mikia, na mashuka yenye madoa yakawafikia wateja. Msimamizi akamhamishia kwenye soksi. Jina la Mkaguzi likabaki kutajwa kwa utani, kisha halikutajwa.

Daktari mwingine ndiye aliyewaeleza. Wenye hali yake, alisema, kioo cha mbele ya jicho huwa dhaifu tangu mwanzo. Leza imekikondesha, kusugua kumekisukuma nje kama ncha ya yai. Alishangaa: aliyemfanyia hakuuliza? Sasa kilichobaki ni kupandikiza kioo kingine, ila jicho lenye mshono halitaki mkono.

Daktari akashika kalamu. "Huwa anafikicha macho?"

Lile jibu la kwanza lilikuwa limeshafika ulimini. Likitoka tu, jina litaandikwa kwenye orodha ya kupandikizwa.

"Anafikicha," alisema dada. "Tangu utotoni. Mimi ndiye niliyedanganya."

Daktari aliweka kalamu chini. Kwa upole alisema warudi baada ya mwaka, tabia ikikoma.

Mkaguzi aligeuza uso kuelekea sauti ya dada yake, akakosea upande kidogo.

"Dada," alisema, "mbona unanisema mbele za watu?"