Gari Lisilochanganya

Jumatatu asubuhi, kwenye mwinuko mdogo kabla ya kufika Ihumwa, haisi ya Lameck ilipitwa na guta la mkaa. Mwenye guta alikuwa amesimama juu ya pedeli, jasho linamtiririka, na alipofika usawa wa dirisha alimsalimia Lameck kwa heshima, kisha akaendelea na safari yake. Lameck alikanyaga mafuta mpaka mguu ukagota chini. Injini ilinguruma kama inavyopasa, ila gari halikuchanganya mwendo.

Kazi yake ilikuwa kupeleka maji kwenye ofisi za Mtumba, yale madumu makubwa yanayopinduliwa juu ya mashine ili wafanyakazi wachague ya moto au ya baridi. Haisi aliinunua ikiwa imeshatumika, na mwanzoni ilikwenda vizuri. Msimu wa kupanda ulipoanza, ikaanza kuwa nzito, na uzito ukawa unaongezeka kila juma. Huko maofisini walikuwa wameanza kumpigia simu kusema wana kiu.

Akaipeleka kwa Ikram, Kizota. Ikram alikuwa mwanamke wa Kondoa aliyeachiwa gereji na marehemu mumewe, fundi asiye na maneno mengi. Alikung'uta filta ya hewa. Akaweka filta mpya ya mafuta. Akachomoa plagi, akazitazama rangi, akasema zinachoma vizuri. Akanyanyua magurudumu ya nyuma kwa jeki na kuyazungusha kwa mkono, asije akawa anahangaika na injini kumbe breki zinabana. Hazikubana. Mwisho akafungua egzosi, maana gari lililoziba huko nyuma, alisema, ni kama mtu aliyekatazwa kushusha pumzi. Haikuwa imeziba.

Lameck alimjibu maswali yake yote upesi, isipokuwa moja. Ikram alitaka kujua kama kuna mzigo mwingine anaobeba zaidi ya maji. Lameck alisema hapana, huku akifuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Ikram akamwambia aendeshe, naye akamfuata kwa pikipiki. Walitoka hadi barabara ya Singida, wakarudi. Fundi alivua helmeti, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akajifuta.

"Kaka Lameck, gari lako zima," alisema. "Ila unavuta shamba."

Lameck alishuka akazunguka nyuma. Shamba lilikuwa pale. Lilianzia kwenye bampa, ambapo mtambaa wa mmung'unye ulijiviringisha kwenye ndoano ya kuvutia magari, na kutoka hapo likaenda nyuma kiasi cha ekari mbili. Langoni mwa gereji lilikuwa limejikunja kama mkeka, na ndani ya uwanja likajikunjua tena na kuyasukuma magari mabovu ukutani. Uwele ulikuwa umefika magotini. Katikati palikuwa na dungu la kuamia ndege, na pembeni rundo la mawe yaliyopangwa kwa mkono. Mafundi waliokwenda kuchukua spana waliruka matuta, wakiangalia wasikanyage miche.

Ilionekana kwamba watu walikwisha kuliona siku nyingi. Madereva wa bodaboda walijua kwamba barabarani hujibana likatosha njia moja, nao walilipita kwa kulia. Gladness, mke wa Lameck, alikuwa akilizunguka kila jioni kwenda kuanua nguo. Hakuna aliyemwambia, kwa kuwa kila mtu alidhani anajua.

Na Lameck alilijua, alilijua kwa yale mawe. Lilikuwa shamba la mjomba wake, mzee Mazengo, kule pembezoni mwa Mtumba. Mama yake Lameck alipofariki, mjomba na mkewe Raheli ndio waliomchukua na kumlea, na kila alichokula mpaka akaota ndevu kilitoka katika ardhi hiyo. Raheli mwenyewe alizikwa humo, chini ya mawe.

Wakati wapimaji wa viwanja vya ofisi walipopita, mjomba alikuwa Buigiri kwa ndugu zake, akisubiri jicho moja lipone ili apasuliwe la pili. Lameck ndiye aliyeachwa kuangalia shamba. Alikwisha kusikia kwamba mwenyeji anayewaongoza wapimaji vizuri hakosi kiwanja cha mbele, kwenye barabara. Walipofika kwenye uwele wa mjomba wakamuuliza ni wa nani.

"Hili halina mwenyewe," Lameck alijibu.

"Na yale mawe?"

"Mawe tu."

Alipata kiwanja, akakiuza, akanunua haisi. Mzee Mazengo aliporudi alikuta uzio, na ndani ya uzio jengo limefika kwenye linta. Alisimama kwa muda akifikicha macho yake mapya. Kisha akasema pengine daktari hakumaliza kazi. Lameck alikuwa pembeni yake, amemshika mkono asije akajikwaa, akamgeuza taratibu kuelekea barabarani. Toka siku ile mzee aliishi kwa Lameck huko Nkuhungu, katika chumba cha uani, na alikuwa akishukuru kwa kila sahani.

Ikram alikuja na panga. Alisema mtambaa anaweza kuukata, si kazi, lakini shamba likikatwa litabaki pale pale lilipokatiwa. Aliwahi kukatia lori la Manyoni lililokuwa likivuta kisima, na kisima kiko nyuma ya gereji mpaka leo, wanakitumia kuoshea vyuma. Hakuwa na nafasi ya shamba.

"Mwenyewe yupo?" aliuliza.

"Yupo."

"Basi mpelekee."

Njiani kurudi nyumbani askari wa usalama barabarani alimsimamisha. Alimweleza kwa upole kwamba mzigo unaozidi urefu wa gari lazima ufungwe kitambaa chekundu mwishoni. Lameck alitoa kitambaa cheupe, askari akakikataa, na muuza nguo wa pale kando akamtafutia chekundu. Ilimbidi alitembee shamba lote, tuta kwa tuta, kwenda kukifunga kwenye bua la mwisho. Alipofika kwenye mawe alivua kofia. Akakumbuka kwamba askari anamtazama, akaivaa.

Alipokuwa akiendesha alizipanga sentensi zake. Hazikuwa nyingi. Angeanza na wapimaji, afike kwenye kiwanja, amalizie na haisi. Alizirudia mpaka zikakaa.

Jua lilikuwa bado halijazama alipoingia uani. Mzee Mazengo alikuwa kwenye kigoda mbele ya chumba chake, na Gladness anachambua mlenda karibu na mlango wa jiko. Shamba liliingia nyuma ya gari, likajitandaza mpaka kwenye kamba ya nguo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kaa hapa kwanza, mwanangu. Nataka kukuuliza kitu, usinicheke."

Lameck alikaa juu ya tofali.

"Kila jioni ukirudi na gari naliona shamba langu," mzee alisema. "Na Raheli namwona alipolala. Asubuhi ukiondoka, silioni tena. Sasa niambie wewe mwenye macho ya ujana. Kipo kitu pale, au ni haya macho?"

Gladness aliacha kuchambua. Alimtazama mumewe, hakumwondolea macho.

Sentensi zilikuwepo zote. Lameck alizihisi zimejipanga nyuma ya meno, ya kwanza ikiwa tayari. Akautazama uso wa mzee uliotulia, ambao haujawahi kumkasirikia, akaona namna utakavyobadilika.

"Ni macho, mjomba," alisema.

Mzee Mazengo alitikisa kichwa taratibu. Aliutazama uwele unavyopepea.

"Kama ni macho tu," alisema, "basi hakuna atakayeudhika nikilipalilia."

Akaingia chumbani, akatoka na jembe, akakunja suruali na kuingia shambani. Gladness alirudia mlenda wake, na usiku ule alilala ameelekea ukutani.

Asubuhi Lameck alimkuta mzee yuko kwenye tuta la tatu na kibuyu chake cha maji. Alimsubiri atoke, akaona hatoki, akawasha gari. Mjomba alimpungia jembe na kumwomba kitu kimoja, kwamba akifika kwenye kona akate taratibu, uwele bado mchanga.

Ikawa hivyo. Mzee alipalilia kupita Nzuguni, akapalilia kupita Ihumwa, akiitikia salamu za "Mbukwenyi" za wazee wenzake waliokaa kando ya barabara. Kule Mtumba, kwenye jengo lile lililojengwa juu ya shamba, mlinzi alifungua geti, gari likaingia, na shamba likaizunguka ofisi mpaka kwenye ngazi. Wakati Lameck anapandisha madumu, mjomba alikuwa akilima chini ya madirisha. Wafanyakazi waliotoka kwenda kula walipita kati ya matuta wakiwa wameshika viatu mkononi, na mama mmoja wa masijala alimwomba mbegu.

Kila siku Lameck alimpelekea mjomba dumu moja la maji, akamwagilia mwenyewe sehemu iliyokauka. Alijua maji si maneno aliyodaiwa. Mara kadhaa alisimamisha gari, akashusha kioo, akageuka nyuma ayaseme. Lakini mzee alikuwa mbali, ameinama, na Lameck hakuipaza sauti yake imfikie. Akapandisha kioo.

Mvua hazikuwa mbaya mwaka ule. Uwele ulivunwa, ukapigwa pale uani, ukasagwa. Lameck alikuwa na matumaini kwamba baada ya mavuno gari litachanganya, akaenda hadi kwa Ikram kumwambia hivyo. Fundi aliinama akautazama mtambaa, ambao sasa ulikuwa mnene kama mkono, akasema mazao hayana uzito wa kusumbua gari. Kinachovutwa ni ardhi.

Jioni hiyo Gladness alisonga ugali wa kwanza wa uwele mpya. Alitenga, wakanawa, na mzee Mazengo akaomba nafasi ya kusali. Alimshukuru Mungu kwa mvua na kwa jembe. Akamshukuru kwa Raheli, ambaye sasa analala karibu na watu. Mwishoni akamshukuru kwa mpwa wake, anayelivuta shamba kila siku na hajawahi kulalamika.

Lameck alisema amina. Gladness hakusema, ila alisogeza bakuli la mlenda katikati ili wote walifikie.

Mzee alimega tonge kubwa, akaliweka upande wa Lameck.

"Kula, mwanangu," alisema. "Unachovuta ni kizito."

Lameck akala.