Madonge Manane, Maskati hadi Amman

Kibibi wa ghorofa ya chini, ambaye naye anafanya kazi za ndani hapa Maskati, anadai bosi wake alipompeleka Amman alipewa chai ndege ikiwa bado haijaruka, na alipiga funda la mwisho wanatua, chai bado ya moto. "Ni hapo tu, shoga. Saa tatu na nusu."

Nilikuwa nakanda unga wa chapati za asubuhi. Mdogo wangu Mwajabu anafanya kazi Amman, na leo ni siku ya arobaini na moja hapokei simu. Kama ni hapo tu, mbona hanisikii? Nikagawa madonge manane, nikayafunika, nikalala. Ndipo usiku wa jana nikaota.

Niko uwanja wa ndege na aproni yangu. Mbele yangu kwenye foleni amesimama Umbali. Ni mzee mrefu sana, ndara zake zimelika. Karani anampima, anasema kilomita elfu mbili na mia tatu, hapandi.

"Hata mimi nimechoka kukaa katikati yenu," Umbali ananiambia. "Wewe si mpishi? Nikunje."

Namlaza juu ya kaunta, nampaka samli, namviringisha kama konokono. Karani anauliza kama nimenawa. Nasema nimenawa. Anagonga muhuri.

Ndani ya ndege zile saa tatu zimeshakaa na kufunga mikanda. Ile nusu inaanzia kiunoni kwenda juu. Naitafutia mkanda.

"Utaufunga wapi, dada? Nishike tu mkono."

Naushika. Una joto. Tangu nije Maskati sijashikwa mkono na mtu.

Halafu ndege ni jiko. Mwajabu amenipa mgongo, anagawa madonge. Kila donge analibonyeza katikati kwa gumba, lile lenye kovu la mbuzi ya nazi. Ndivyo alivyofanya tangu utoto, ili mama ajue yapi ni yake.

"Umechelewa, dada," anasema bila kugeuka. "Chai imepoa."

"Kwa nini hupokei simu?"

Anaanza kugeuka. Naliona sikio lake, naliona shavu. Hapo Umbali anainuka kutoka kwenye kikaango.

"Samahani," anasema. "Nimeiva."

Anajikunjua mzima. Mwajabu anakuwa mdogo kama punje ya ufuta, kisha simwoni.

Asubuhi nimefunua madonge. Saba ni laini kama nilivyoyaacha. La nane lina shimo la gumba, na ndani ya shimo kuna mstari wa kovu. Nimeangalia magumba yangu yote mawili. Hayana kovu.

Sikulisukuma. Mabosi wangu waliamka wakala chapati saba, hakuna aliyeuliza. Nimelipiga picha nikamtumia Mwajabu, na chini yake nikaandika: "Mdogo wangu, kama ni wewe, bonyeza herufi yoyote."

Nimejimiminia chai, nimekaa na simu. Chai imepoa. Tiki bado ni moja.