Boriti za Bafu la Baba

Tangu tumzike Mama, hakuna aliyeingia katika bafu la baba yetu, Tata kama tunavyomwita, ila yeye mwenyewe. Nyumba yetu hapa Manga ni ya mbao, imesimama mteremkoni juu ya nguzo za mawe, na bafu liko upande wa chini. Mama ndiye aliyekuwa akilisugua. Sisi Wagusii tuna chinsoni, ile haya ya heshima kati ya mzazi na mtoto. Mtoto mzima haingii mahali baba yake anapovulia nguo, na baba hamwambii binti yake habari za kuoga. Bomba lilipoanza kuvuja ukutani, hatukuliona. Tata alihisi mbao zikibonyea chini ya miguu yake, akanyamaza.

Asubuhi moja ya mvua nilisikia kishindo bafuni.

"Tata!"

"Usije, Nyamoita. Mwite Ombui."

Ombui ni jirani, tena rika lake, walitahiriwa pamoja. Alikuja mbio kupitia shamba la chai, akaingia. Mimi nilibaki ukumbini nikiangalia ukuta.

"Angwenyi, umeanza kujichimbia kaburi bafuni?" nilimsikia akimwuliza Tata.

"Vuta mguu, acha maneno."

"Mguu uko wapi? Mimi naona wa kuku."

Mguu wa Tata, uliokuwa umetumbukia sakafuni, haukuvunjika, ulichubuka tu. Lakini kaka yangu Eric alipopata habari alipiga simu kutoka Kisii mjini: Jumapili angekuja kumchukua, akaishi kwake.

Siku hiyo Tata hakula. "Nioge mahali mke wa mwanangu anaoga?" alimwambia Ombui, akijua nasikia. "Afadhali mnilaze kando ya mama yao."

Nilimwita fundi Okemwa kutoka Kebirigo. Aliingia chini ya sakafu akachokoa boriti kwa bisibisi, nayo ikazama kama kwenye ndizi mbivu.

"Zinazobeba sakafu zimeoza," alisema. "Nikipigilia mbao mpya juu yake, mzee ataanguka tena. Lazima nifungue yote. Toeni vitu kwanza."

Ombui ndiye aliyevitoa, ndani ya beseni. Nilidhani tulikuwa tumegawa kila kitu cha Mama. Kumbe malapa yake yalikuwa bado humo, na jiwe lake la kusugulia visigino, na kipande cha sabuni kilichokauka kikapasuka.

"Hivi niviweke wapi?" Ombui aliuliza. Safari hii hakutania.

Tata aligeukia upande wa mlima. "Fundi akimaliza, virudishe."

Okemwa alibadilisha bomba, akaitegemeza sakafu kwa miti, akakata sehemu zilizooza mpaka akafikia mbao nzima. Kando ya kila boriti alifunga nyingine mpya, kavu, kwa boliti. Chini aliacha nafasi ya hewa kupita. Ijumaa alipigilia msumari wa mwisho jua likishuka, akaondoka haraka kabla Sabato yake haijaanza.

Jumapili Eric alifika na gari.

"Nani amesema sakafu ni imara? Nitaangalia mwenyewe."

Alienda mpaka mlangoni mwa bafu. Ombui akamfuata.

"Ingia basi, bwana mkubwa. Rukaruka kidogo tuone."

Eric alishika fremu ya mlango. Taulo ya Tata ilikuwa imetundikwa pale, na nguo yake ya ndani. Aliinua mguu, kisha akaurudisha chini.

"Haya ni mambo ya zamani," alisema kwa sauti ndogo. Lakini hakuingia. Alikuja kunywa chai, na habari ya kumchukua Tata hakuitaja tena. Jioni alirudi Kisii peke yake.

Mvua bado inanyesha. Juzi nilisimama ukumbini Tata akioga, nikalazimisha ulimi wangu.

"Tata, sakafu inabonyea?"

Maji yalinyamaza.

"Iko sawa," alisema baadaye.

Hata kabla ya kuanguka angenijibu hivyo hivyo. Mama angesukuma mlango tu, akaingia, akaangalia. Mimi nilisimama pale mpaka maji yakaanza tena kumwagika.