Gego la Bi Tam

Jumapili moja Mzee Kwok alitoka bafuni na nywele nyeusi tii, masikio nayo yakiwa yamepata fungu lao la rangi. Binti yake Yuk-lan, aliyekuwa jikoni akichambua maharage mabichi, alimtazama akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. Mzee hakucheka. Alivuta kiti, akakaa, akamweleza kwamba kuna mama mmoja mjane, Bi Tam, mshonaji katika karakana ya nguo mtaani hapo. Hucheza naye dansi asubuhi bustanini pamoja na wazee wengine. Sasa anataka kumuoa.

Kicheko kikamkauka Yuk-lan mdomoni. Tangu mama yake afariki, yeye ndiye aliyefunga virago akarudi kuishi na baba juu ya duka la dawa za mitishamba, katika mtaa wa Wachina wa Oakland, Marekani, mzee asije akala peke yake.

"Udongo wa mama haujakauka, Baba," alisema.

"Mama yako amepumzika, mwanangu. Mimi bado ninaamka kila asubuhi."

Yuk-lan akayaacha maharage pale pale, akaingia chumbani.

Kuanzia hapo wakawa wanaishi kama wapangaji wawili. Mzee Kwok alikuwa mpishi wa mikahawa maisha yake yote, na kuomba radhi kwa maneno hakujua. Alijua kwa sufuria. Yuk-lan akirudi kazini hukuta samaki wa mvuke amefunikwa, tangawizi imekatwa nyembamba kama uzi, vile anavyopenda. Hula, huosha sahani, hulala. Mzee naye akaacha kwenda bustanini. Jirani akamnong'oneza Yuk-lan kwamba baba yake amesema hawezi kuleta mke katika nyumba ambayo mtoto wake amempa mgongo. Yuk-lan alidhani habari hiyo ingemfurahisha. Haikumfurahisha.

Yeye alikuwa msaidizi wa daktari wa meno. Daktari Fong alikuwa kijana, mzaliwa wa hapo hapo Oakland, na Kichina chake kiliishia kwenye salamu. Hivyo wagonjwa wazee wote hupitia kwa Yuk-lan, anayejua lugha ya kwao Toisan, kusini mwa China. Siku moja ya mvua aliingia mama mfupi, shavu limevimba, kitambaa kimefungwa kuanzia kidevuni mpaka utosini. Alitaja jina lake, na kabla hajalimaliza kila mmoja alikuwa ameshamtambua mwenzake.

Bi Tam akageukia mlango. "Nitakuja siku nyingine, mwanangu."

"Na shavu hilo? Keti, mama."

Gego lilikuwa limeoza mpaka mzizini, ilibidi ling'olewe. Daktari alipoingiza sindano ya ganzi, Bi Tam alimshika Yuk-lan mkono kwa nguvu. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa nchani, vimejaa vitundu vya sindano ya cherehani. Mama yake Yuk-lan alikuwa na vidole vya namna ile ile.

Daktari akatoka kusubiri ganzi ishike. Wakabaki wawili, mvua ikigonga dirisha. Pengine ni kwa sababu yule mama hakuweza kujibu. Yuk-lan mwenyewe hakujua maneno yalitoka wapi, ila yalitoka. Alimweleza jinsi mama yake alivyokonda hospitalini mpaka pete ikawa inateleza. Alimweleza kwamba kila baba anapocheka, yeye huona kama mama anazikwa upya. Na kwamba akifikiria mwanamke mwingine akifunua sufuria ya mama yake, hutamani kuificha.

Bi Tam alikuwa amelazwa chali, machozi yakimtiririkia masikioni. Akaanza kupambana na ulimi uliokufa ganzi.

"Thitaki thufuria yake, mwanangu. Ninayo yangu."

Yuk-lan alicheka nyuma ya barakoa, kisha akajikuta analia, na daktari alipoingia aliwakuta wote wawili katika hali hiyo. Akauliza kama ganzi haijashika. Yuk-lan akamwambia imeshika vizuri tu.

Gego lilipotoka, Yuk-lan aliomba ruhusa kazini, akamshika Bi Tam mkono. Yule mama aliishi peke yake ghorofani, hana wa kumpikia. Yuk-lan akampeleka kwao.

Mzee Kwok alifungua mlango, akasimama na mwiko mkononi, hajui amtazame nani. Bi Tam hakukaa. Alinyoosha kidole kwenye picha ya marehemu rafuni, akaomba kijiti cha ubani kwa ishara, akakiwasha, akainama mbele ya picha muda mrefu, mkono mmoja umeshika shavu. Ndipo akakubali kiti.

Mzee akapika uji wa mchele, laini kabisa. Alipouweka mezani ukifuka, Yuk-lan akausogeza pembeni.

"Upoe kwanza, Baba, ana kidonda. Na umuulize mwenyewe anataka arusi mwezi gani. Lakini subiri ganzi iishe, maana saa hizi atakuitikia chochote."

Mzee Kwok akageukia jiko, akakoroga sufuria iliyokuwa haina kitu tena.

Walioana majani yalipoanza kupukutika. Yuk-lan alimimina chai, akampa Bi Tam kwa mikono miwili kama mila ya Kichina inavyotaka, akamwita mama mdogo.