Pikapu ya Abubakar na Meno Yake

"Kitendawili," alisema Mishi, birika la chai mkononi.

"Tega," alijibu Abubakar mumewe, maana chai ilikuwa bado haijamiminwa.

"Nikimwamsha hunisagia meno, nikimlaza naingiwa na hofu."

Jibu lilikuwa nje mlangoni, linanguruma. Pikapu ya Abubakar ikitiwa ufunguo ilifanya krrrr, kama mtu atafunaye changarawe za Mwakirunge, isiwake. Basi siku ikiwaka haizimwi. Mwenyewe anywa kahawa barazani, yenyewe yanguruma. Ijumaa aliiacha nje ya msikiti ikinguruma, khatibu akapandisha sauti, safu ya nyuma ikasujudu ndani ya moshi.

Kwa Abubakar ugonjwa ulikuwa kijicho. Kisauni nzima, aliamini, haina kazi ila kuionea gere pikapu yake. Alitia stata nyingine, ikasaga vilevile. Akafungua boneti, akaifukiza ubani kwa chetezo mpaka waya mmoja ukaungua.

"Sasa imekuwa bibi harusi," alisema Mishi. "Bado hina."

Bibi harusi wa kweli alikuwa binti yao Jalila, aliyechumbiwa Jomvu Kuu. Abubakar alikuwa ameapa mbele ya wakwe kwamba mwanawe hatapanda gari la kukodi. Atapelekwa na babake, kwa pikapu ya babake. Kiapo hicho ndicho kilichomfanya amwite Dishon, fundi wa bara.

Dishon hakufungua kitu. Alitia spana kwenye nati ya mbele ya injini, akaizungusha kidogo. "Washa, mzee."

Ikawaka.

"Alhamdulillahi, imepona."

"Haijapona. Stata ni nzima. Mbovu ni flaiwili, lile gurudumu la meno ambalo stata hulishika ili izungushe injini. Injini ikizimwa husimama mahali palepale pawili kila siku, kwa hivyo meno ya pale ndiyo yanaliwa. Mimi nimeisogeza tu kwenye meno mazima. Nipe siku moja nishushe giaboksi, nitoe pete ya meno kwa moto, niigeuze upande usioliwa."

"Siku nzima gari langu lilale limepasuliwa, watu wapite wakitazama?"

"Mzee, jino likikuuma unabadilisha mswaki?"

Abubakar hakusikia. Macho yake yalikuwa kwenye ile spana.

Tangu siku hiyo akawa fundi. Kila alipozima, alizungusha nati, akawasha, akawatazama watu kwa pembe ya jicho.

Siku ya harusi vigelegele vilijaa uwanja. Jalila akaketi mbele na buibui lake jipya, babake akatia ufunguo. Krrrr. Vigelegele vikakatika. Abubakar akatabasamu, akapandisha kanzu, akaingia uvunguni na spana yake. Ikateleza. Ile nati, kwa kuzungushwa kila siku, ilikuwa imekuwa mviringo kama kaimati.

"Sukumeni, jamaa," aliita kutoka chini.

Majirani walikuwa wameisukuma pikapu hiyo tangu mwezi wa Mfungo Sita, na leo walikuwa na kanzu za pasi. Wote walishikwa na hamu ya kutazama minazi.

Jalila akachungulia dirishani. "Baba."

"Naam, mwanangu."

"Bwana harusi ananingoja. Nikungoje wewe, au nimwendee yeye?"

Spana ikaangushwa uvunguni.

"Mwendee," alisema Abubakar.

Jalila akapanda tuktuk na mamake. Mishi aliinama kidogo. "Pambana na hao wenye kijicho, babake Jalila. Sisi twatangulia."

Dishon aliitwa, akashusha giaboksi. Abubakar, kurunzi mkononi, akajionea: mahali pawili meno yamebaki vigutu, kwengineko yana makali yake. Pete ikapashwa moto, ikageuzwa, ikarudi. Na nati mpya. Injini ikawaka kwa mguso mmoja. Hapakuwa na wa kupiga kigelegele ila Dishon, na chake kilikuwa kibaya.

Alifika Jomvu Kuu jua likaribia kutua, masufuria yakisuguliwa. Bi Waridi, mama wa bwana harusi, aliikagua kanzu yake yenye grisi juu mpaka chini.

"Karibu, mkwe. Tuliambiwa wewe ndiye utakayemleta bibi harusi."

"Ndimi."

"Basi amefika salama, ahsante." Akamwekea sahani ya ukoko.

Jalila akaja na ndimu na maji, akaketi kando ya babake, akaanza kumsugua grisi kucha kwa kucha. "Nyama nimekufichia," alimnong'oneza. Ndimu haikutoa hata nusu ya weusi ule. Wakwe wakaja mmoja mmoja kumpa mkono, na kila mmoja akamshika kifundo cha mkono.