Kamati ya Meno Yangu

Usiku wa jana niliota, na naomba nisikatizwe mpaka nimalize, kwamba nimelala kwenye kiti cha daktari wa meno na kiti chenyewe ndicho kinachonihoji.

"Umekuja kufanya nini na umri huo?" kikauliza.

Kilikuwa kiti cha siku nyingi, ngozi imechanika kwenye mkono, kwa hiyo nikaanza na adabu. "Shikamoo."

"Marahaba. Nimeuliza swali."

Nikakiambia nimekuja kufungwa waya. Meno yangu ya juu yamechomoza, ya chini yamepandana, na kazi yangu ni ushereheshaji. Mimi ndiye ninayewachekesha watu kwenye sherehe za kuwaaga maharusi. Ukumbi mzima unacheka mdomo wazi, mimi nacheka nyuma ya maikrofoni. Nimechoka. Nilisema hivyohivyo, nimechoka, na machozi yakanitoka mbele ya kiti.

"Watoto huja na wazazi wa kuwalipia," kiti kikasema, huku kikishusha mgongo wake taratibu. "Watu wazima huja na machozi."

Akaingia Daktari Mbonde. Ni yuleyule niliyemwona jana mchana nikiwa macho, mwembamba, mwenye sauti ya kubembeleza, aliyenitajia gharama nikatoka kwake nimeshika ukuta. Nyumbani sikumwambia mtu, hata mama ninayeishi naye. Huku ndotoni alivaa koti lake jeupe juu na msuli chini. Hilo halikunishangaza.

"Tuiite bima?" akauliza.

"Tuiite."

Kadi yangu ya bima inatoka yenyewe kwenye pochi, inapanda juu ya trei ya vyuma, inasimama wima. Picha iliyo juu yake ni yangu, lakini imekunja uso.

"Linauma lipi?" inauliza.

"Hakuna linalouma."

"Limeoza lipi?"

"Hakuna lililooza."

"Umeanguka? Umepigwa?"

"Sijapigwa."

"Sasa unanisumbulia nini? Hayo ni mapambo. Nenda kapigwe, kisha uje tuongee."

Inarudi kwenye pochi na kufunga zipu kwa ndani. Nilipigwa na butwaa. Miaka yote naichangia, kumbe yenyewe ilikuwa inasubiri nivunjike taya!

"Usiogope, dada," Daktari Mbonde akasema. "Wengi hulipa kwa awamu. Awamu, karibuni!"

Mlango ukafunguka. Mbele aliingia bwana mnene mwenye suti na mkoba, hakumsalimia mtu. "Mimi ni Kianzio," akasema. "Bila mimi haanzi mtu." Nyuma yake ikafuata foleni ya wanawake wembamba waliofanana, kila mmoja na mkeka kwapani na sufuria kichwani. Foleni ilitoka nje, ikapita getini, mwisho wake sikuuona.

"Hawa ndio Awamu," daktari akanieleza. "Kila mwezi mmoja anakuja kukaa kwako. Anakula, anashiba, anaondoka, anakuja mwenzake."

"Mimi napenda nyama," akasema Awamu wa mbele.

"Mimi nikicheleweshewa chakula nanenepa," akasema wa nyuma yake.

Nyumba yangu ina vyumba viwili, kimoja analala mama.

"Nipeni nafasi niongee na kamati," nikasema. Ndivyo tulivyozoea. Harusi ina kamati, msiba una kamati, hata gari la jirani likiharibika inaundwa kamati. Nilichosahau ni kwamba jambo hili sikumwambia mtu. Kamati pekee iliyokuwa na habari ilikuwa mdomoni mwangu.

Kufumba na kufumbua, kliniki ni ukumbi. Viti vya plastiki vimevishwa vitambaa vyeupe, meza kuu ina maua, soda zimepangwa. Meno yangu yote yamekaa kwa kufuata ukoo, ya juu kulia kwangu, ya chini kushoto. Mimi nimesimama mbele na maikrofoni, mdomo mtupu, naongea kwa ufizi.

Mwenyekiti ni Gego la juu, lile lililozibwa mwaka juzi. Mtunza hazina ni Chonge.

"Wajumbe," Gego linasema, "kilichotuleta mnakijua. Tunaomba ahadi."

Soda moja inafunguliwa.

"Mimi naishi nyuma," likasema gego moja la chini. "Natafuna makande mchana kutwa na hakuna anayeniona. Leo nichangie hawa wa mbele ili wakapigwe picha?"

"Na hawa wa mbele nani aliwatuma wachomoze?" likadakia jirani yake. "Wamejitanguliza wenyewe."

"Jamani," nikaomba, "huu ni mdomo mmoja."

"Kwenye mifupa hukumbuki kwamba ni mdomo mmoja," likanijibu, na wajumbe wakapiga makofi. Makofi ya meno yanaumiza kichwa.

Chonge akasimama, akajikohoza. "Mwenyekiti, hazina haina kitu. Ila mali ipo. Yupo Mwanya."

Naomba nimwelezee Mwanya. Yuko katikati ya meno yangu mawili ya juu, na ndiye pekee usoni kwangu aliyewahi kusifiwa. Kuna kijana aliingia mtaroni na baiskeli yake kwa ajili yake. Jana mchana daktari alinieleza wazi kwamba meno ya mbele yakirudishwa nyuma, mwanya unajifunga. Nilijibu sawa, upesi upesi, kama mtu aliyeulizwa kama anakunywa chai.

"Madhali atafungwa," Chonge akaendelea, "tumuuze kabla. Mjini hapa kuna watu wanalipa ili wachongwe mwanya. Na mnunuzi tunaye."

Kwenye meza ya nyuma akainuka mama mmoja wa dhahabu tupu, shingoni, mikononi, masikioni. Akafungua kinywa tumwone. Meno yake yalibanana hata pumzi haikupita.

"Namchukua leoleo," akasema. "Jumamosi nina harusi."

Vigelegele! Meno yangu mwenyewe, niliyoyapiga mswaki asubuhi na jioni tangu utoto, yanapiga vigelegele! Nilishtuka hadi maikrofoni ikalia yenyewe.

Ndipo Mwanya akaingia ukumbini. Sijui nimwelezee vipi. Alikuwa mahali pasipo na kitu, pamejifunga kanga na kubeba kikapu.

"Mwanahawa," akaniita, na upepo ukapita ndani ya sauti yake. "Unaniuza?"

"Siyo mimi. Ni kamati."

"Mimi si wako peke yako. Kwako nimetoka kwa mama yako, kwa mama yako nimetoka kwa bibi yako. Mama yako, Bi Tatu, umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Na mama yangu ukimtaja, hata ndotoni anasikia. Mlango unasukumwa, mama anaingia na dera la kulalia, meno yake ya bandia yakiwa yameshikwa mkononi. Anayavaa palepale mbele ya wageni ili aweze kunigombeza.

Meno hayo yamenyooka kama ukuta. Mama alipong'olewa yake aliagiza mapya, na fundi hakumuuliza kama alikuwa na mwanya. Mama naye hakusema. Alidhani mtu akilipia meno anapewa meno, na kwamba ni aibu kumwomba fundi amwachie pengo.

"We Mwanahawa!" akasema. "Habari za nyumbani kwangu nizisikie kwa magego?"

"Mama, gharama ni kubwa. Sikutaka nikubebeshe mzigo."

"Mzigo ndio uliokufunga mdomo? Hukutaka kuniambia kwamba unamfunga huyu."

Nikasema kwenye maikrofoni, ukumbi mzima ukasikia. "Nataka kucheka, mama. Nataka kucheka mbele za watu kama ulivyokuwa unacheka wewe."

Mama akavuta kiti akakaa. Hasira zilimtoka zote kwa mara moja, nami nikaogopa zaidi.

"Mimi mwenyewe sicheki tena," akasema. "Nikijitazama kwenye kioo nacheka meno ya mtu mwingine. Marehemu baba yako angefufuka leo angenipita njiani. Nyoosha meno yako, mwanangu, nani kakukataza? Ila huyu hauzwi. Nirudishie mimi."

Mama wa dhahabu akapandisha dau. Gego likagonga meza. Chonge akasema mjumbe asiyechangia hana sauti. Mimi nikazima maikrofoni.

"Nenda," nikamwambia Mwanya.

Hakuwa na macho, lakini najua alinitazama. Akavuka ukumbi na kikapu chake, akapanda mapajani kwa mama, akaingia kinywani. Ikasikika sauti ndogo, kama kifungo kinachopenya kwenye tundu lake. Niliumia. Sikutegemea, kwa sababu nilikuwa nimeshakubali afungwe, lakini niliumia kama mtu aliyehamwa na rafiki.

Daktari Mbonde akaja mbio huku ameshika msuli wake. "Kazi kubwa ilikuwa kumfunga yule," akatangaza, "na ameondoka kwa hiari yake! Yamebaki haya ya chini tu. Awamu, rudini kwenu."

Foleni ikageuka, mikeka na sufuria, ikinung'unika njia nzima. Akabaki Kianzio peke yake katikati ya ukumbi.

"Mimi siondoki," akasema.

"Wewe kaa," nikamwambia. "Mwezi huu zamu ya upatu ni yangu."

Akavua koti la suti, akalitundika kwenye kiti, na mimi nikaamka.

Jua lilikuwa limeshapanda. Nilinawa uso bila kuwasha taa na bila kutazama kioo, nikatoka sebuleni. Mama alikuwa mezani na chai na muhogo wa kuchemsha, njiti ya kiberiti mdomoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo umelala mno." Akaendelea kuchokonoa. "Kuna kitu kimeninasa hapa mbele."

Akakivuta taratibu. Ulikuwa uzi wa muhogo, mrefu kiasi. Akauweka pembeni mwa sahani, tukautazama wote wawili.

"Haya meno," mama akasema, "tangu niyavae hayajawahi kunasa kitu."

Ulimi wangu ulikuwa umejikunja nyuma kabisa, umegoma kwenda mbele kuangalia. Nikajimiminia chai, nikaimwagia mezani.

Mama akaiweka njiti chini na kunikazia macho.

"Mwanahawa," akasema, "hebu fungua mdomo."