Yowe la Gati

Mimi si refa wa kubembelezwa, tangu zamani. Wasichana wa Mlimani walilijua hilo, wa Bondeni walilijua, na asiyelijua nilimtoa nje akalijulie huko.

Mchezo wenyewe ulikuwa softiboli. Sista mmoja wa misheni alituachia marungu ya kupigia, glavu na kitabu cha sheria, akarudi kwao. Mimi, Mwalimu Honoratha, mtu wa Ziwa Magharibi niliyeletwa na serikali kufundisha Tarime, nikakisoma kitabu kile mpaka kikachakaa. Mlimani na Bondeni ni vijiji viwili vya upande wa Itiryo, vilivyohamishiwa ubavu kwa ubavu wakati wa operesheni ya vijiji. Kabla ya hapo walikuwa wakiibiana ng'ombe na kuuana. Wazee wakala kiapo, lakini amani ilikuwa bado mbichi. Ndipo nikasema, waacheni mabinti wacheze pamoja siku ya Sabasaba, wanaume wakae pembeni watazame. Nilitaka wazoee kupigiana kelele bila kutoana damu.

Na kwa kelele, jamani! Gati, binti wa Nyangwine wa Mlimani, alikuwa na mbio, ila mdomo ulizizidi mbio. Mpira uko hewani, Boke wa Bondeni amenyoosha glavu audake, Gati anapita nyuma yake na kupaza sauti, "Uache, wangu!" Boke anauacha kweli, akidhani ni mwenzake. Mpira unaanguka puu. Mlimani wakacheka hadi kujishika mbavu.

Nikapuliza filimbi. "Gati, nje! Kumvuruga mdakaji kwa mdomo ni kosa. Na wengine wote, nisisikie tena mtu anasema 'wangu' na mpira si wake."

"Ndiyo, Mwalimu," akajibu, macho chini, meno yote nje.

Tukafika mzunguko wa mwisho. Zamu ilikuwa imemrudia Gati, sasa amesimama kwenye besi ya tatu, mwenzake ya pili. Mpira ukapigwa juu sana, na Boke akaukimbilia. Akiudaka, Bondeni wameshinda. Akiuangusha, Gati na mwenzake wanafika besi ya nyumbani, ushindi ni wa Mlimani. Gati akachomoka, akapeleka kiganja mdomoni, akapiga yowe la ng'ombe.

Lile yowe halina mchezo kule. Likipigwa, ng'ombe wameibwa, na mwanaume haulizi nani kalipiga. Anashika silaha anakimbia. Asiyekimbia anatozwa fahali. Anayelipiga bure, kipigo cha mwizi ni chake.

Boke aliangusha mpira. Mimi nikainua ngumi. "Nje! Umemvuruga mdakaji!"

"Mwalimu, ulikataza 'wangu'," Gati akasema akihema, bado anacheka. "Yowe hukulikataza."

Ebo! Mkono ulishanyanyuka nimzabe kibao. Nikatupa macho pembeni, nikaona wanawake na watoto tu. Wanaume wa Mlimani walikuwa wanapandisha kilima kwenda kulinda mazizi yao. Wa Bondeni walikuwa wanateremka mtoni kukata njia ya wezi, mapanga na marungu mkononi.

"Unajua ulichofanya wewe?"

Kicheko kikamkauka. "Tata yuko mtoni," akasema, maana kule baba huitwa tata. "Ananywesha ng'ombe."

Nikakimbia. Nilipuliza filimbi ile mpaka kifua kikawaka moto, lakini nani asikilize filimbi wakati yowe limeshalia? Nikamwona Nyangwine anapanda ukingo wa mto upande wa Bondeni, anakimbia kuja kwetu, ng'ombe wake wametaharuki wanamtangulia. Mtu wa Mlimani, ardhi ya Bondeni, ng'ombe mbele, naye mbio. Walitaka ushahidi gani tena?

"Huyo! Mwizi huyo!"

Mwikwabe, kiongozi wa vijana wa Bondeni, ndiye aliyefika wa kwanza. Rungu la aliyemfuata likampata Nyangwine gotini, akaenda chini, wakamvamia. Walimpiga bila kusema neno, kama watu wanaopura mtama. Nikasikia mfupa unavunjika. Nikaona panga linashuka jeupe na kupanda jekundu. Nikajitosa katikati, nikavuta mashati, nikapiga mateke, nikatukana matusi ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua. Kiwiko cha mtu kikaning'oa jino. Nikalitema na damu yake.

"Ni yowe la mchezo! Kahesabuni ng'ombe wenu, wajinga nyie! Hakuna aliyeibiwa!"

Mwikwabe akasimamisha panga hewani. "La mchezo?"

"La mchezo! Nimeshamtoa nje aliyelipiga!"

"Nani?"

Nikalimeza jina la Gati. Wote wakanitazama, na kila mmoja alikuwa anajua kipigo kile sasa kina mwenyewe. Mungu anisamehe, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

"Hakuna," ilisema sauti kutoka chini. Ilikuwa ya Nyangwine. Jicho moja lilikuwa limekwisha, tumbo ameliziba kwa mikono miwili. "Mimi nimeiba. Semeni mimi nimeiba." Nikapiga magoti kwenye tope nimsikie vizuri, naye akaninong'oneza, "Niliijua sauti yake, Mwalimu. Nikajua mwanangu yuko hatarini. Nikaja mbio."

Hapo Gati akafika. Watu wakampisha. Akamwona baba yake, akaona tumbo, akaona panga la Mwikwabe. Hakulia. Akapeleka kiganja mdomoni.

"Mzuie," Nyangwine akasema. "Mwalimu, asipige."

Nikaelewa. Juu kilimani wanaume wa Mlimani walikuwa wamesimama mazizini na mishale yao, wanasikiliza yowe litatokea wapi tena. Likitoka mtoni wangeshuka, wamkute Nyangwine hivi, na vijiji vyote viwili vingezikana siku ile ile. Nikamrukia yule binti, nikamwangusha kwenye tope, nikamziba mdomo kwa kiganja na kumlalia kwa uzito wangu wote. Akaning'ata mpaka meno yakagusa mfupa. Sikumwachia. Aliendelea kulipiga ndani ya mkono wangu, yowe la kweli safari hii, na baba yake alikuwa anatutazama mpaka alipokata roho.